Taa Nyekundu Chini ya Utepe

Tik.

Hiyo tu. Stata, ile mota ndogo ya kuwashia mashine, ikiwa na nguvu hunguruma mpaka mashine ishike. Ikikosa nguvu hutoa sauti moja kavu, kama mtu anayekusonya.

Tulikuwa kwenye mlango wa delta ya Rufiji, jua linaingia nyuma ya mikoko, magunia ya nazi kutoka Mafia yamepangwa mpaka usawa wa kiuno. Nahodha alikuwa amezima mashine kwa dakika kumi ili baharia wetu kijana ajitose na kisu, akate kipande cha wavu kilichojiviringisha kwenye propela. Kijana akapanda anatiririka maji, akautupa ule wavu miguuni pangu kama ushahidi wa mahakamani. Nahodha akazungusha ufunguo. Tik. Akangoja kidogo, akazungusha tena. Tik.

Maji yalikuwa yanakupwa, na fungu la mchanga lilikuwa karibu kuliko nilivyopenda.

"Bosi," akasema nahodha bila kugeuka, "betri yako hiyo."

Yako. Nilikuwa nimeinunua wiki sita tu kabla.

Tukatia nanga, tukatundika tochi mlingotini, tukalala palepale. Asubuhi mashua iliyokuwa ikitoka Nyamisati ikatuazima betri yake ya kuwashia. Hakuna aliyeumia, hakuna nazi iliyopotea. Lakini usiku ule nilimwambia mtu maneno fulani, na tangu mwezi wa kumi na moja yamenikaa kooni.

## Betri ya ngapi hii?

Hilo ni swali la dada yangu, mwenye nusu ya chombo. Mimi ni mhasibu Dar es Salaam. Yeye ana duka Kilindoni, na ndiye anayekiona chombo kikiondoka na kikirudi. Au kikivutwa.

Betri ya kwanza sikuilaumu. Ilikuwa na miaka mitatu, na betri ya maji inayokaa ngamani, chini tumboni mwa chombo, kwenye joto na mtikisiko, ikifika miaka mitatu imejitahidi. Nikanunua mpya, ampea-saa 70. Baada ya wiki tatu nayo ikalala. Nikairudisha dukani nimevimba, hotuba ya betri feki nimeshaipanga kichwani. Muuzaji hakubishana. Akachovya haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, kwenye kila tundu, akanionyesha: maji ya betri iliyojaa husoma karibu 1.27, yangu yalikuwa 1.15, matundu yote sita sawasawa.

"Ingekuwa mbovu, tundu moja lingetofautiana na wenzake," akasema. "Hii si mbovu. Hii ina njaa. Katazame chaji yako."

Nikamwita fundi. Ni fundi mzuri, na sisemi hivyo kwa adabu. Akakaza mkanda, akawasha mashine, akapiga resi, akaweka mita kwenye vichwa vya betri: volti 14.1. Akanionyesha namba kwa video. Oltaneta, ile inayozungushwa na mkanda na kuchaji betri, ikitoa kati ya 13.8 na 14.4 haina kesi. "Chaji ipo, bosi. Betri za siku hizi ndizo hizo."

Muuzaji anasema chaji, fundi anasema betri. Wote wamepima, wote wana namba. Kwa kazi yangu, hesabu mbili zikigongana unarudi kwenye risiti, moja baada ya moja, mpaka uone ni wapi zilipoachana. Mimi sikurudi popote. Nikanunua betri nyingine, na kwa kuwa roho haikutulia, nikaongeza oltaneta ya mtumba kutoka Kariakoo, laki mbili na themanini. Kama mtu anayekunywa dawa ya malaria na ya taifodi kwa pamoja kwa sababu majibu ya maabara yamechelewa.

Betri hiyo ndiyo iliyosema tik.

## Mwizi wa umeme

Kichwa changu kilikwenda hivi. Betri mpya. Oltaneta nyingine. Chaji fundi kaiona kwa macho yake. Basi umeme unaingia mchana na kutoka usiku, na kama unatoka, kuna anayeutoa.

Upo wizi wa kweli wa umeme kwenye chombo. Daiodi ya oltaneta, inayozuia umeme usirudi nyuma, ikivuja, betri hujimwaga usiku kucha mashine ikiwa imezimwa. Swichi ya pampu ya ngama ikinasa, vilevile. Na kuupima si kazi: unafungua waya hasi wa betri, unaiweka mita katikati, unasoma. Chombo kilichozimwa kila kitu kinapaswa kusoma milliampea chache tu, au sifuri. Dakika tano zinatosha.

Sikuzitoa hizo dakika tano. Nilikuwa na mtu.

Kijana wetu alikuwa analala chomboni kulinda. Alikuwa na spika yake ndogo na waya wa kuchajia, na mabaharia wa vyombo vya jirani walimletea simu zao. Usiku ule, nanga iko chini, mbele ya nahodha, nikamwambia yeye ndiye anayetumaliza. Kwamba anakula umeme wa watu kwa muziki. Nilisema na mengine.

Akasema, "Bosi, lakini ile taa nyekundu..."

Nikamkata. Habari ya taa anaijua fundi, nikamwambia.

Asubuhi tulipofunga Nyamisati alishuka na begi lake la mgongoni. Hakuaga. Hakudai hata ujira wake wa siku nne.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, ofisini, nyuma ya karatasi ya vocha. Betri ya simu moja ni kama wati-saa 15. Simu tano, pamoja na kinachopotea njiani, tuseme 90. Betri ya chombo, volti 12 mara ampea-saa 70, ni 840. Simu tano hazifiki hata sehemu ya tisa, na oltaneta iliyo macho inazirudisha kwa nusu saa ya mwendo.

Ninalipwa mshahara kwa kujumlisha, na siku ile sikujumlisha.

## Safu ya tatu

Mwezi wa kumi na mbili nikanunua mita ya bei rahisi, zile za manjano, nikaipeleka Mafia pamoja na daftari la shule. Nikachora safu tatu: kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imewaka taratibu, baada ya saa moja ya mwendo. Nahodha akaliangalia daftari kama mtu aliyeletewa fomu ya kodi. Miwani yake ni ya kuonea mbali, kwa hiyo kazi ya kusoma namba ikawa ya baharia mpya, na kila jioni nilikuwa naletewa picha ya ukurasa kwenye WhatsApp.

12.4. 12.3. 12.2.

Kesho yake: 12.2, 12.1, 12.1.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, kwenye 12.2 imebaki nusu. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni safu ya tatu. Mashine inazunguka saa nzima, mkanda unazunguka, oltaneta inazunguka, na betri inazidi kushuka. Iko wapi ile 14.1 niliyoonyeshwa kwa video?

Siku tisa namba zikawa za ukoo mmoja. Nahodha akawa anapeleka betri ichajiwe dukani kwa dada kila siku ya pili. Siku ya kumi, safu ya tatu: 13.9.

Nikampigia nahodha.

"Mjomba, Jumanne mlifanya nini?"

"Jumanne? Hatukufanya kitu."

"Chaji imeingia."

Kimya. Halafu akashusha sauti. "Jumanne maji yalikuwa yanatuacha, nikaifungulia mashine mpaka mwisho. Unisamehe bosi, najua ulisema tubane dizeli."

Ni kweli nilisema. Mwezi wa sita nilituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, wenye takwimu, kueleza faida ya kwenda taratibu.

Nilikaa na simu mkononi. Fundi alipiga resi, ndipo akapima. Kila fundi hufanya hivyo, maana ndivyo tunavyofundishana: washa, piga resi, weka mita. Kumbe kile kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa dawa. Kila alipokuja kutafuta ugonjwa alikuwa ameshauponya kwa mguu wake, halafu anasoma namba za mgonjwa aliyepona.

## Chuma kinachokumbuka

Hapa nitajieleza kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Oltaneta ya kawaida haina sumaku ya kudumu ndani. Ina koili iliyozungushwa kwenye chuma, na koili hiyo lazima ipewe umeme kidogo kwanza ili chuma kiwe sumaku. Hapo ndipo oltaneta inaanza kuzalisha, na ikishaanza inajilisha yenyewe. Yaani inahitaji mtaji. Kwenye mashine nyingi kama yangu, mtaji huo unapita kwenye taa nyekundu ya chaji. Umeme unatoka kwenye ufunguo, unaingia kwenye balbu, unatokea kwenye oltaneta. Oltaneta ikiamka, pande zote mbili za balbu zinakuwa na volti sawa, na balbu inazima.

Miaka yote nilidhani ile taa ni mbea tu, kazi yake kutoa habari. Kumbe ndiyo mlango wenyewe.

Balbu ya zamani ya wati 3 hupitisha kama robo ampea, na robo ampea inatosha. Mlango ukifungwa, bado kuna tumaini moja: chuma hubaki na usumaku kidogo wa jana, kana kwamba kinakumbuka. Ukikizungusha kwa kasi ya kutosha, hiyo kumbukumbu peke yake inaweza kuiamsha oltaneta. Ndilo jambo ambalo Werner Siemens alilitumia Berlin mwaka 1866 kutengeneza mashine ya umeme inayojianzisha bila sumaku ya kudumu. Kwenye mashine yangu kumbukumbu inaamka kwenye mizunguko 2,000 na kidogo kwa dakika. Chini ya hapo inalala. Na ikishaamka, hata ukishusha resi, hailali tena mpaka uzime.

Sasa sikia nilichofanya mwezi wa sita.

Nahodha alilalamika kwamba mchana, juani, ile taa haionekani. Nami nikatoka Kariakoo na taa ya LED, nyekundu, inang'aa kama jicho la paka, nikaifunga kwa mikono yangu. LED hupitisha kama milliampea 20. Haifiki hata sehemu ya kumi ya balbu. Nilipunguza mtaji wa oltaneta na kupunguza mwendo wa mashine mwezi uleule, kisha nikaenda zangu Dar kusubiri faida.

Lakini taa ya LED ingebaki inawaka muda wote, utasema, na nahodha angeona. Nami nikamuuliza hivyohivyo.

"Ile taa yako inachoma macho usiku," akasema. "Unashindwa kuona fungu mbele. Niliiziba na utepe."

## Kopo la Blue Band

Januari nikaenda mwenyewe. Kaskazi ilikuwa imeshika, Kilindoni imejaa wageni waliokuja kutazama potwe, wale papa wakubwa, na chombo chetu kimefungwa pembeni kama mtoto aliyekosa sare.

Nikaubandua utepe. Ulikuwa umeyeyuka kwa jua, gundi ikanishika vidole. Nikamwambia nahodha awashe na asiguse resi. Mashine ikashika. Taa ikabaki inawaka. Mita: 12.3. Tukasubiri dakika tano, 12.3. Nikamwambia apandishe. Mashine ikapaza sauti, taa ikazima ghafla kama imepulizwa, mita ikaruka mpaka 14.1. Ashushe: 13.9, na taa imezima. Zima. Washa tena: taa inawaka, 12.4.

Tulirudia mara nne. Mara ya pili ingetosha, lakini nilitaka kuiona. Baharia mpya akachoka, akaenda kununua maandazi.

"Balbu ya zamani iliishia wapi?" nikauliza, bila matumaini.

Nahodha hatupi kitu. Akaingia chini ya tezi, kule nyuma ya chombo, akatoka na kopo la Blue Band: misumari ya shaba, vipande vya kamba, ndoana zilizopinda, na katikati yake, imefungwa kwenye karatasi ya sigara, balbu yangu. Tukaifunga. Ufunguo: inawaka, hafifu, ya njano-nyekundu. Mashine ikashika, na kabla haijatulia vizuri taa ikawa imezima.

14.0, mashine ikiwa inanguruma taratibu kama mzee anayesali.

(Anayeng'ang'ania LED yake aweke rezista ya omu 68, ya wati 5, sambamba na taa, mtaji unapita hapo. Na yule anayepima oltaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri mashine ikiwa inawaka, namsihi aache. Volti huruka ghafla na daiodi zinaungua, halafu unakuwa na ugonjwa ambao hukuwa nao.)

## Ngamani

Nilidhani nimemaliza, ila ile tik ilikuwa na jambo la pili. Hata betri ilipotoka dukani imejaa, stata ilikuwa inazunguka kwa uvivu. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya mashine, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, nahodha akapiga stata. Kwenye waya mzima ungeona karibu na sifuri, nusu volti kwa kuzidisha. Nikaona 1.3. Volti nzima na zaidi inaishia njiani, kwenye waya wa athi, ule unaounganisha bodi ya mashine na betri.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema nahodha, akashuka yeye kwanza.

Kwa nje ule waya ulikuwa mzuri, mpira wake bado laini. Nikauchana kwa kisu kuanzia kwenye kiungo. Ndani shaba ilikuwa nyeusi, na juu ya weusi unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Nikaendelea kuchana nikitafuta shaba nyekundu. Shibiri moja, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Maji ya chumvi huingia kwenye ncha na kupanda ndani ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, na mpira huficha kila kitu. Nikautoa waya wote, nikaweka wenye shaba iliyopakwa bati, nikasugua bodi ya mashine mpaka ikang'aa, nikapaka grisi.

Betri zile mbili hazikurudi. Betri ya risasi ikikaa na njaa wiki nyingi, salfeti hugeuka ganda gumu juu ya sahani, na ganda hilo halisikii chaji tena. Nilimpelekea muuzaji kama chakavu. Akazipokea, akapima uzito, hakuniuliza kitu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa hela.

## Hendeli

Kijana nilimkuta Nyamisati mwezi wa pili. Alikuwa chombo kingine, kidogo kuliko chetu, anapanga kamba. Nikasimama gatini na viatu vya mjini.

"Kaka, shikamoo," akasema. Zamani nilikuwa bosi.

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na samahani na kumalizia na taa, nikajikuta nimeanza na taa. Robo ampea, milliampea 20, utepe. Alikuwa anasikiliza huku anazungusha kamba, duara juu ya duara.

"Ilikuwa inawaka chini ya utepe," akasema. "Usiku nikilala pale naona wekundu pembeni, mashine ikiwa inatembea. Ikikimbia inazima. Ndiyo niliyotaka kukwambia."

"Ulitaka kuniambia. Mimi ndiye niliyekukata."

"Eeh."

Nikasema samahani. Nikampa ujira wake wa siku nne na juu yake kidogo; akahesabu, akanirudishia kile kilichozidi. Nikamuuliza kama atarudi, nahodha anamuulizia, na dada pia.

Akacheka, akapiga teke boksi la mashine ya chombo kile. Silinda moja, kutu tupu, haina ufunguo, haina taa hata moja.

"Hii haiulizi betri, kaka."

Nahodha wake akampigia mluzi. Akachomeka hendeli, akainama, akazungusha mara moja, mara mbili, na ya tatu akiitia nguvu ya bega lote. Moshi mweusi ukapanda kati yetu. Ulipoondoka na upepo, alikuwa ameshafungua kamba ya omo, anaikusanya, duara juu ya duara.